Unahisi mtoto ana usonji? Jinsi ya kumchunguza nyumbani kwa wiki mbili na kusikilizwa kliniki

Wazazi wengi wa Mtwara na Lindi wanaoniandikia kuhusu jambo hili huishia palepale: "Nilikwenda kliniki, nikamwambia nesi mtoto huyu simwelewi. Akampima uzito, akasema anaendelea vizuri, nikarudi." Miezi inapita, wasiwasi unakua, na mtoto naye anakua.

Simlaumu sana nesi. Mwenye foleni iliyotoka mpaka nje ya mlango hana cha kufanya na "simwelewi". Anachoweza kukifanyia kazi ni maelezo kama haya: "Ana miezi 18, nikimwita jina hageuki, hajawahi kunionyesha kitu kwa kidole, neno hana hata moja." Mwongozo huu ni wa kukufikisha kwenye maelezo ya namna hiyo, kisha kwa mtu anayeweza kuyapokea.

Hautakuambia kama mtoto ana usonji (autism), yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na kuitikiana na watu. Hilo huchukua mtaalamu mwenye uzoefu na muda wa kukaa na mtoto, na chini ya miezi 18 ni nadra kusemwa kwa uhakika.

## Hali ambazo hazisubiri wiki mbili

Ukiona mojawapo ya haya, acha kusoma, nenda hospitali:

- Mtoto alikuwa na maneno, alikuwa akipunga mkono au akicheka na watu, sasa vimepotea. Umri wowote ule.
- Mtoto wa kati ya miezi 3 na 12 anashtuka na kujikunja ghafla, kichwa na mikono vinakuja mbele, anaachia, kisha tena na tena, hasa akiamka usingizini. Wengi husema ni tumbo au mchango. Inaweza kuwa aina ya kifafa cha watoto wachanga kinachoumiza ubongo kwa haraka. Rekodi tukio moja kwa simu, uende nalo siku hiyohiyo.
- Amepata degedege, au amebadilika baada ya malaria kali au homa ya uti wa mgongo.
- Hashtuki kwa sauti yoyote, macho hayamfuati mtu, au amefikisha miezi 4 na shingo bado haijakaza.

## Vitu vya kuandaa

- Kadi ya kliniki ya mtoto.
- Daftari dogo na kalamu.
- Simu inayorekodi video, yenye nafasi ya kuhifadhi.
- Khanga moja.
- Chupa ndogo yenye punje chache za mahindi ndani. Kifuniko kikaze na ukizungushie solotepu, maana punje moja ikimpalia mtoto utakuwa na tatizo jingine kabisa.
- Pakiti ya biskuti ambayo haijafunguliwa.
- Mtu wa pili anayeshinda na mtoto: bibi, shangazi, dada wa kazi.

Huyo wa mwisho ndiye watu humsahau. Kuanzia Oktoba, korosho zikianza kudondoka, mama yuko shambani tangu alfajiri na mtoto anashinda kwa bibi. Anayejua saa za mchana za mtoto huyo ni bibi. Mwulize yeye pia, na umsikilize hata kama jibu lake linapingana na lako.

Mtoto awe mzima. Kama ana homa, anaharisha au ndiyo kwanza ametoka kwenye malaria, subiri apone na arudie kula vizuri. Mtoto mgonjwa haitikii watu, na hilo halikufundishi lolote kuhusu usonji.

## Hatua ya 1: Pata umri halisi

Fungua kadi, soma tarehe ya kuzaliwa, hesabu miezi. Usikadirie. Kati ya miezi 12 na 15 mtoto hubadilika mno, na nimeona watu wakilia juu ya mtoto "wa mwaka na nusu" ambaye kadi inasema ana miezi 14.

Kama alizaliwa njiti, ondoa miezi aliyowahi. Aliyezaliwa miezi 2 kabla ya wakati na sasa ana miezi 12, mwangalie kama wa miezi 10. Endelea kuhesabu hivyo mpaka afikishe miaka 2.

Andika umri huo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

## Hatua ya 2: Zima simu na televisheni kwa wiki nzima

Mtoto anayeshinda na katuni haitikii jina, hamwangalii mtu, na hana sababu ya kuomba kitu. Ukimchunguza katika hali hiyo utaogopa bure, au utaliona tatizo lililopo ukasingizia simu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aliye chini ya mwaka 1 asiangalie skrini kabisa, na wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku. Simu haileti usonji. Lakini inafunika mengi, na ukiiondoa unaweza kumwona mtoto mwenyewe.

Siku za mwanzo atalia. Vumilia, na waambie wakubwa zake wasimpe simu kwa siri. Wiki ikiisha, anza uchunguzi. Wapo watoto ambao hapohapo wanaanza kugeuka wakiitwa na kufuata watu. Wapo ambao hakuna kilichobadilika, na hilo nalo liandike.

## Hatua ya 3: Anza na masikio

Mtoto asiyesikia vizuri hufanana sana na mtoto mwenye usonji: haitikii, haongei, anaishi kivyake. Tofauti moja huonekana mapema. Asiyesikia kwa kawaida hukutazama usoni, huonyesha kwa kidole, huvuta nguo yako na kufuata ishara za mikono. Anatafuta njia nyingine ya kukufikia.

Jaribu hivi. Mtoto akae mkekani akicheza, mtu mmoja awe mbele yake kimya. Wewe simama nyuma, kama hatua mbili. Tikisa chupa ya mahindi taratibu. Subiri. Baadaye fungua pakiti ya biskuti polepole mahali asipokuona. Baadaye tena nong'ona karibu, bila pumzi yako kumgusa.

Usipige sufuria wala kukanyaga sakafu. Mtoto mwenye usikivu mdogo anaweza kusikia kishindo, au akahisi mtikisiko tu, akageuka. Familia nzima ikashangilia kwamba anasikia, kumbe sauti ndogo za maneno hazimfikii.

Kuna jambo utaliona hapa ambalo ni la kuandika neno kwa neno: mtoto anayegeuka kwa karatasi ya biskuti iliyofunguliwa chumba cha pili, lakini akiitwa jina mara 3 kutoka hatua mbili hageuki. Sauti zinafika. Kinachokosekana ni mvuto wa kuitwa na mtu.

Tahadhari: jaribio la nyumbani haliondoi haja ya kipimo cha hospitali. Usaha unaotoka sikioni, mafua yasiyokatika, manjano makali alipozaliwa, homa ya uti wa mgongo, sindano nyingi za jentamaisini (antibayotiki) utotoni: chochote kati ya hivyo kikiwepo, masikio yapimwe hata kama amegeukia biskuti.

## Hatua ya 4: Angalia kuitikiana

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo wazazi wanapopakimbia wakaenda kuhesabu mara ngapi mtoto amezungusha gurudumu la kigari. Kwa mtoto mdogo, dalili nzito za usonji mara nyingi ni vitu ambavyo hafanyi. Kwa kuwa kisichofanyika hakipigi kelele, lazima ukitafute.

Fanya moja au mawili kwa siku, akiwa ameshiba na ameamka vizuri. Usimfanyie mtihani.

Jina (kuanzia miezi 9). Akiwa anacheza, mwite mara moja kwa sauti ya kawaida kutoka pembeni au nyuma. Hesabu kimya mpaka 5. Rudia mpaka mara 3, basi. Usipige makofi, usimguse. Tumia jina analoitwa kila siku. Mtoto aliyerithi jina la babu yake, nyumba nzima inamwita "babu". Ukimwita Rashidi siku ya kumchunguza, hata mimi nisingegeuka. Kutogeuka siku moja si kitu. Kutogeuka siku nyingi, kwa watu tofauti, ni jambo.

Tabasamu na uso. Kuanzia kama miezi 2 watoto wengi hutabasamu wakitabasamiwa. Hutafuti mtoto anayekukodolea macho. Watoto wote huangalia, wakakwepa, wakarudi. Unatafuta huko kurudi. Anyonyapo hupumzika akakuangalia? Ukijifunika khanga na kujifunua, mtoto wa miezi 9 hucheka? Ukinyamaza na khanga bado iko usoni, anaivuta, anatoa sauti, anakutaka uendelee? Kuivuta ile khanga, tena akikuangalia, ni habari njema kubwa kuliko maneno mawili matatu ya kukariri.

Sauti za kupokezana. Kufikia miezi 6 mtoto hutoa sauti, wewe ukajibu, naye akajibu. Kufikia miezi 9 utasikia "bababa, mamama". Mtoto anayetoa sauti peke yake lakini hapokei yako, mwandike hivyo.

Ishara (kufikia miezi 12). Kunyoosha mikono abebwe, kupunga mkono mtu akiondoka, kupiga makofi akiimbiwa. Kama hana hata ishara moja akiwa na mwaka, hilo linatosha kumpeleka. Usingoje orodha ijae.

Kidole. Nitakaa hapa kidogo. Karibu na miezi 15 watoto wengi hunyooshea kidole wanachokitaka: embe juu ya meza, kikombe cha maji. Kufikia miezi 18 huongeza kidole cha namna nyingine, cha kuonyesha. Bodaboda inapita, kuku amepanda juu ya paa. Mtoto ananyoosha kidole, kisha *anakuangalia wewe*, halafu anarudi kwa kuku. Hataki kuku. Anataka muone pamoja. Kidole hiki cha pili ndicho kinachowaambia wataalamu mengi, na ndicho ambacho mzazi husema "sijui, sijawahi kuangalia".

Angalia na upande wa pili: wewe ukinyooshea kidole mbuzi kule mbali na kusema "ona!", yeye hutazama mbuzi, au hutazama kidole chako tu, au hatazami chochote?

Na hili: mtoto anayeshika kiganja chako na kukipeleka kwenye kopo bila kukuangalia usoni, anautumia mkono wako kama fimbo ya kuangulia embe. Wengi hufanya hivyo mara mojamoja. Ikiwa ndiyo njia yake pekee ya kuomba, andika.

Maneno. Miezi 18, angalau maneno 3 mbali na mama na baba. Miezi 24, maneno mawili pamoja: "maji baridi", "baba njoo". Hesabu lugha zote. Neno la Kimakonde alilofundishwa na bibi ni neno, la Kimwera, la Kiyao, la Kimakua vilevile. Kukua na lugha mbili hakuleti usonji, kwa hiyo usimkataze bibi kusema lugha yake. Utakuwa umempunguzia mtoto mtu wa kuongea naye. Maneno yaliyokaririwa kutoka kwenye tangazo na yasiyotumika kuomba wala kuita, yaandike pembeni.

Kuiga na kuigiza (miezi 18 hadi 24). Anajifanya anaongea na simu? Anakoroga mchanga kwenye kifuu kama ugali, anakulisha? Au kifuu anakipanga tu na vingine, kila siku mstari uleule?

Umeimaliza hatua hii ukiweza kujibu kila kipengele kinachohusu umri wa mtoto wako kwa "ndiyo, nimeona siku fulani" au "nimetafuta siku kadhaa, sijaona". Kama jibu ni "nadhani", bado.

## Hatua ya 5: Tabia zinazotisha bure

Kupepea mikono akifurahi. Kutembea kwa ncha za vidole. Kukodolea feni. Kugonga kichwa ukutani akikasirika, au kujitikisa kabla ya kulala. Kuzungusha vifuniko. Kuchagua vyakula.

Watoto wengi wasio na usonji hupitia kadhaa kati ya hizi na kuziacha. Mtoto anayepepea mikono baba akiingia, kisha anamkimbilia na kumwonyesha kiatu, anakupa habari ya furaha tu.

Tabia hizi hupata uzito zikiambatana na mapungufu ya Hatua ya 4, zikichukua muda mrefu wa siku, na mtoto akikataa kabisa kutolewa hapo. Basi, tusonge mbele.

## Hatua ya 6: Andika ulichoona, kisha rekodi

Andika alichofanya, usiandike tafsiri yako. "Hanijali", "ana kiburi", "yuko mbali" hazimsaidii daktari. Andika hivi:

> Jumanne asubuhi, barazani. Anachezea kopo. Nimemwita mara 3, hakugeuka. Bibi kafungua biskuti ndani, kageuka papo hapo.
>
> Alhamisi jioni. Dada yake kapunga mkono akienda dukani. Hakupunga. Aliangalia mlango.
>
> Ijumaa. Nimejifunika khanga. Kacheka, kaivuta, kaniangalia. Mara 4.

Andika mazuri pia. Daftari lenye mabaya matupu humfanya daktari amwone mzazi mwenye hofu kabla hajamwona mtoto.

Video tatu zinatosha, dakika 1 au 2 kila moja: akicheza peke yake, akicheza na mtu anayempenda, na ile tabia inayokutia wasiwasi. Mchana, uso uonekane, na mrekodi anyamaze. Umuhimu wake ni kwamba hospitali, katikati ya watu na kelele, mtoto anaweza kulia mwanzo mwisho na daktari asione chochote.

Tahadhari: usizitume kwenye magrupu ya WhatsApp kuuliza "hii ni nini?" Utapata majibu kumi yanayopingana, na video ya mtoto wako itazunguka mpaka Nachingwea bila ruhusa yako.

## Hatua ya 7: Soma daftari na uamue

*Vipengele vya umri wake vipo karibu vyote, ila ana tabia fulani ya ajabu.* Endelea na kliniki kama kawaida, rudia uchunguzi baada ya miezi 3.

*Kimoja kinakosekana, vingine vipo.* Masikio yapimwe, anza Hatua ya 9 leo, na mtaje nesi ziara ijayo.

*Viwili au zaidi vinakosekana, au hana ishara akiwa na miezi 12, au hanyooshei kidole akiwa na miezi 18, au hana maneno mawili pamoja akiwa na miezi 24.* Nenda, usisubiri tarehe ya kliniki.

Punguza kiwango chako cha kusubiri kama ana kaka au dada mwenye usonji: mdogo wake ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 5 kuwa nao. Na ile kauli ya "wa kiume huchelewa, hata baba yake alichelewa" ipime upya. Usonji hugunduliwa kwa wavulana mara 3 hadi 4 zaidi ya wasichana. Kwa hiyo uvulana ni sababu ya kuangalia kwa makini zaidi.

Kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30 kuna dodoso linaloitwa M-CHAT-R, maswali 20 ya ndiyo na hapana ambayo mzazi hujibu. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo, ingawa aliye chini ya miaka 2 hurudiwa akishaivuka. Alama 3 hadi 7, mtaalamu anayarudia kwa undani yale yaliyokwama. Alama 8 na zaidi, rufaa bila kusubiri. Muulize daktari kama analo. Alama kubwa si hukumu; watoto wengi wanaozipata hawana usonji, ila wengi wao wana ucheleweshi mwingine unaohitaji msaada.

## Hatua ya 8: Kliniki, na namna ya kusikilizwa

Ziara mbili tayari ziko kwenye kadi yako: chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 na ya miezi 18. Zimeangukia pazuri, ya kwanza wakati wa kuitikia jina, ya pili wakati wa kidole. Zitumie. Ila siku ya chanjo ni siku ya msongamano, kwa hiyo fika mapema, au omba upangiwe siku nyingine ya kuongea.

Sema kabla mtoto hajawekwa kwenye mizani, kwa sababu uzito ukishaandikwa anaitwa anayefuata. Kwa mfano:

"Shikamoo nesi. Uzito sina wasiwasi nao, nina wasiwasi na maendeleo yake. Ana miezi 18. Haitikii jina, hanyooshei kidole, maneno hana. Nimeandika humu na nina video. Naomba aonwe na daktari, apimwe masikio, na kama inafaa niandikiwe rufaa."

Ukiambiwa "subiri, atakua", usigombane. Uliza: "Nisubiri mpaka lini, na nisipoona nini nirudi?" Omba jibu liandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe. Hii inabadilisha mazungumzo. Kusubiri kwenye tarehe ni mpango wa kitabibu, na kusikokuwa na tarehe ndiko kunakokula mwaka mzima wa mtoto.

Njia ya kawaida ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mtwara. Walio upande wa Masasi wana hospitali ya misheni ya Ndanda, na wa Lindi vijijini wana Nyangao. Ikihitajika tathmini ya kina zaidi, unaweza kupelekwa Muhimbili, Dar es Salaam. Beba barua ya rufaa kila ngazi, na kabla ya kupanda basi kutoka Liwale au Newala ulizia siku anayokuwepo daktari wa watoto.

Msisubiri mnada wa korosho. Nasikia sana "tutakwenda korosho zikiuzwa". Safari ya Dar inaweza kungoja fedha, sikatai. Zahanati haingoji, wala mazungumzo na nesi, na vilevile barua.

Kuhusu nyumbani: baba akikataa ("mwanangu hana kitu"), usibishane naye, mwonyeshe ile video ya kuitwa jina kisha ajaribu mwenyewe. Kwenye koo zetu nyingi za huku mjomba ana sauti. Mkimshirikisha mapema atawasaidia, mkimficha atakuja na maamuzi yake.

## Hatua ya 9: Wakati unasubiri

Haya hayahitaji jibu la daktari, na hayamdhuru mtoto yeyote, mwenye usonji au asiye nao.

Kaa chini mkekani, uso kwa uso. Muige kwanza yeye: akigonga kopo, gonga lako, akitoa sauti, itoe. Watoto wengi wasiotazama watu huinua macho pale mtu mzima anapofanya wanachofanya wao. Hapo ndipo mlango unapofunguka, usiujaze maneno.

Taja anachokitazama yeye muda huo, kwa neno moja au mawili. "Kuku." "Kuku kakimbia." Kisha nyamaza, subiri.

Mpe kidogo kidogo. Kipande kimoja cha ndizi, si ndizi nzima, ili apate sababu ya kuomba tena. Akikuangalia, akinyoosha mkono, akitoa sauti yoyote, mpe papo hapo. Usimlazimishe aseme neno ndipo apate. Utaanzisha vita ya chakula.

Imba wimbo uleule kila siku, ukakate katikati, uone kama atakutaka uumalizie. Washirikishe watoto wenzake, wachache na kwa muda mfupi. Dakika 10 mara kadhaa kwa siku zinafaa kuliko saa nzima ya mara moja.

Msifanye haya:

Kumkata kimeo au udata ili aongee. Kuchelewa kuongea hakutoki kwenye kimeo, na wembe kooni huleta kutokwa damu na maambukizi yanayoua. Udata wa kweli huamuliwa na daktari, na hata huo haumfanyi mtoto asiitikie jina lake.

Kumchapa kwa "kiburi". Kumpa dawa za kienyeji za kunywa, au vidonge vinavyouzwa mtandaoni kwamba vinaondoa sumu mwilini. Hakuna dawa inayoponya usonji. Familia ikitaka dua, iombwe; isichukue nafasi ya tarehe ya hospitali.

Kuacha chanjo ya miezi 18. Habari ya kuwa chanjo ya surua huleta usonji ilitokana na makala ya mwaka 1998 nchini Uingereza, na jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019, wenye watoto zaidi ya 650,000, haukuona ongezeko la usonji kwa waliochanjwa. Watu huviunganisha kwa sababu dalili huanza kuonekana wazi umri uleule wa chanjo. Surua yenyewe, kwa upande wake, huua, hupofusha na huharibu masikio.

Na mama asibebeshwe lawama za kufanya kazi, kumwachisha ziwa mapema, au kukosa upendo. Hayaleti usonji.

## Ukishaonwa na daktari

Uliza mambo matatu kabla ya kutoka: masikio yamepimwa kwa kipimo gani na majibu ni yapi, kuna tatizo jingine linalotibika, kama maji nyuma ya ngoma ya sikio au kifafa, na nani atamfundisha mtoto, au akufundishe wewe, kuwasiliana. Uliza pia habari za tiba ya usemi na tiba kazi (inayomfundisha mtoto shughuli za kila siku kama kula na kuvaa), hata kama ni kwa ziara za mbali.

Jibu likiwa ni usonji, msaada hauanzii shuleni. Onana na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako mapema, na akikaribia umri wa shule ya awali, afisa elimu maalumu wa wilaya ndiye anayejua shule zipi zina kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu.

Jibu likiwa "bado mapema kusema", ambalo ni jibu halali kabisa kwa mtoto wa miezi 14, omba tarehe ya kurudi isiyozidi miezi 3, iandikwe kwenye kadi, na mpaka siku hiyo endelea na Hatua ya 9 na daftari.